Tarakimu za Hubble Zinapima Galaksi au Zinapima Mahali Tulipo?

Mwaka 1926 mwanaastronomia wa Marekani Edwin Hubble aliziainisha galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, kwa kigezo cha umbo linaloonekana kwenye picha. Zenye umbo la duaradufu alizipa herufi E. Zenye mikono iliyojiviringa kama kombe la konokono alizipa S, na zile ambazo mikono yake huanzia kwenye ncha za boriti ya nyota iliyokatiza katikati akaziita SB. Zilizokosa umbo maalumu zikawekwa fungu lao. Herufi hizi nazikubali, kwani zinabeba habari zaidi ya sura: kwa kawaida galaksi ya E ina nyota za zamani, wekundu mwingi na gesi haba, ilhali Sc (galaksi ya S ambayo mikono yake imelegea na kutawanyika) ina gesi tele na nyota changa za rangi ya buluu mikononi.

Ninachotilia shaka ni tarakimu inayofuata herufi E, kuanzia 0 hadi 7. Hupatikana kwa kugawanya kipenyo kifupi kwa kirefu, kuondoa jibu katika moja, kisha kuzidisha kwa kumi, hivyo kipenyo kifupi kikiwa nusu ya kirefu, galaksi ni E5. Sasa shika yai ulitazame kwa ubavu, kisha uligeuze ncha ikuelekee. Mara ya kwanza utaandika E3 hivi, mara ya pili E0, na yai ni lile lile. Galaksi hatuna namna ya kuigeuza. Tunaandika tarakimu ya upande tuliojaliwa kuuona.

Baya zaidi ni desturi ya kuziita za E "za mapema" na za S "za baadaye". Hubble mwenyewe alikana kwamba alikusudia umri, lakini maneno hayo yamebaki yakipotosha wanafunzi, hasa kwa kuwa galaksi mbili za S zikigongana na kuungana zinaweza kuzaa moja ya E.

Hata jicho la mtaalamu hutofautiana na la mwenzake. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu ambayo mtu wa Mtwara huiona bila darubini upande wa kusini usiku wa Januari usio na mbalamwezi, lilihesabiwa miongoni mwa zisizo na umbo, mpaka mwanaastronomia Gérard de Vaucouleurs alipoonyesha kwamba lina boriti na dalili ya mkono mmoja, akalipatia aina yake, SBm (m ikiwa ya Magellan).