Waakadia wa Chéticamp Hawakuzaliwa Wavuvi

Kipeperushi kimoja cha watalii kuhusu Chéticamp, mji mdogo wa Waakadia, yaani wazao wa walowezi wa Kifaransa, katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, kinawasifu waanzilishi wake kuwa ni watu wa bahari tangu asili, waliofika pale kwa kuwafuata samaki. Sifa hizo ni tamu kusoma, nami zimenikera kweli kweli.

Wazee wa watu hao walikuwa wakulima, tena hodari. Kando ya Ghuba ya Fundy, ambako maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita kumi, walijenga kuta za udongo na kupitisha chini yake mfereji wa mbao wenye kilango kilichofunguka maji ya mvua yalipotoka na kujifunga bahari ilipotaka kuingia. Kisha wakaiachia mvua miaka kadhaa iioshe chumvi ardhini, ndipo wakapanda ngano. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza kwa maelfu na kuchoma nyumba zao, na haikupita miaka mingi mashamba yale yale wakapewa walowezi kutoka New England. Waliporuhusiwa kurudi, kuanzia 1764, walitakiwa kula kiapo cha utii na kukaa kwa vikundi vidogo vilivyotawanyika. Mtu aliyenyang'anywa shamba la rutuba akaachiwa ufuo wa mawe, angefanya nini kama si kuvua?

Hata huo uvuvi haukuwa wao. Familia zilipoanza kuhamia Chéticamp katika miaka ya 1780, Charles Robin, mfanyabiashara wa kisiwa cha Jersey, alikwishakuwa na kituo chake cha samaki hapo. Kampuni yake ilinunua chewa waliokaushwa kwa bei iliyoipanga yenyewe, ikalipa kwa bidhaa za duka lake badala ya fedha, na deni likavuka msimu hadi msimu. Uhuru wa bahari ulioje! Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyowafungulia soko la ng'ambo.

Katika kipeperushi hicho, wale Wazee Kumi na Wanne, waanzilishi wa mji waliopewa ardhi rasmi mwaka 1790, wanatajwa kwa fahari, nami sina ugomvi na hilo. Wamikmaki, wenyeji kabla ya wote, wameambulia nusu sentensi. Familia za Cap-Rouge, kaskazini kidogo ya mji, hazimo kabisa: hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1936, Waakadia hao walitwaliwa ardhi na kuhamishwa, ili wageni wapate mandhari.