Chenga hafifu za chuma: tusafishe au tuchanganye?

Soko la chenga za madini ya chuma, yaani madini yaliyo punje ndogondogo, kwa miaka mingi lilipima bei kwa kipimo cha asilimia 62 ya chuma. Zilizo chini ya hapo hukatwa bei, na zilizo hafifu sana hurundikwa pembeni mwa mgodi. Wapo wanaosema malundo hayo ni mali iliyolala, yasafishwe yote. Wengine wanasema gharama na tope linalobaki baada ya kusafisha vitaimeza faida. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania asilimia ya chuma, ilhali jambo zito, tukiamua kusafisha au kuchanganya na madini safi, ni mahali uchafu ulipokaa ndani ya punje.

Hoja ya kusafisha ina nguvu. Silika na alumina, uchafu mkuu wa madini haya, zikiingia tanurini hutoka kama mavi ya chuma, yaani taka zilizoyeyuka zinazoelea juu ya chuma, na kadiri mavi yanavyoongezeka ndivyo chokaa na koki (makaa ya mawe yaliyookwa) zinavyoliwa. Alumina ikizidi, mavi huwa mazito na hayatiririki. Tena, njia ya kupata chuma kwa gesi badala ya koki haiyeyushi madini, hivyo uchafu wote husafiri hadi kwenye tanuri la umeme. Ndiyo maana wenye viwanda hivyo hutaka takriban asilimia 67. Mbinu za kusafisha nazo zinajulikana: magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa sana na sumaku, hunaswa na sumaku ya kawaida; hematiti, aina nyingine ya madini ya chuma, huhitaji sumaku kali; na silika iliyokwisha kuachana na chuma huelea na povu lenye kemikali ya amini huku wanga ukiizuia hematiti isielee nayo.

Lakini tupige hesabu. Chukua tani 100 za chenga zenye asilimia 50 ya chuma. Ukipata makinikia (madini yaliyosafishwa) ya asilimia 65 na kuokoa asilimia 70 ya chuma chote, unabaki na tani 54 hivi za makinikia. Tani 46 zinakwenda kwenye tope, na ndani yake kuna tani 15 za chuma. Hao wanaosema "mali iliyolala" huwa hawaitaji sehemu hii.

Fosforasi ndiyo inayonifanya nisikubali kauli ya "safisha yote". Silika mara nyingi ni punje inayojitegemea. Ukisaga, inaachana na chuma. Fosforasi ya kwenye gothiti, aina ya madini ya chuma yenye maji ndani yake, imejificha ndani ya fuwele yenyewe, na hata usage hadi iwe unga haitoki. Tanuri la koki nalo haliiondoi: karibu yote huingia kwenye chuma, na chuma cha pua (feleji) chenye fosforasi nyingi huvunjika kirahisi kwenye baridi. Kuilowesha kwenye tindikali au kuichoma kwanza kunawezekana, ila kwa bidhaa ya bei ya chini kama hii gharama ni kubwa. Mvumbuzi Mwingereza Sidney Gilchrist Thomas alionyesha njia nyingine mwaka 1878: kuitoa kwa chokaa wakati wa kutengeneza chuma cha pua. Madini ya Lorraine, mashariki mwa Ufaransa ya leo, yaliyokuwa yakidharauliwa kwa fosforasi yake, yakapata thamani, na mavi yake yakawa mbolea. Kwa hiyo fosforasi ya namna hii ni afadhali kuichanganya na madini safi na kumwachia mtengenezaji wa chuma cha pua amalizie, mradi madini safi ya kuchanganyia bado yapo.

Halafu kuna tope. Bwawa la Mariana, Brazil, lilipasuka mwaka 2015 na kuua watu 19. La Brumadinho, mwaka 2019, liliua watu 270. Yote mawili yalihifadhi mabaki ya kusafishia chuma. Kwangu, mradi unaolipa tu kwa kumwaga tope bichi bwawani haulipi. Gharama ya kukamua maji kwa vichujio na kurundika mabaki makavu iingie kwenye hesabu ya kwanza kabisa. Nayo haitakuwa ndogo, kwa sababu punje za chini ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zinazovuruga povu na kugoma kukamuliwa, ndizo zilezile tunazozizalisha kila tunaposaga zaidi kuitafuta silika ya mwisho.