Sabufa katika gari lenye redio ya kiwandani: hoja za pande mbili

Gari dogo lililotumika Japani na kushushwa katika bandari ya Mombasa huja na redio ambayo haikuundwa kwa ajili ya Kenya. Nyingi kati ya redio hizo hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa zile za miaka ya karibuni, ilhali masafa yetu ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo mnunuzi huenda kwa fundi mapema, ama kutiwa ekspanda, yaani kifaa cha kuyashusha masafa yetu hadi yale redio inayoweza kuyapokea, ama kubadilishiwa redio nzima, na ni hapo, dashibodi ikiwa imekwisha kufunguliwa, ndipo swali la sabufa, yaani spika kubwa ya sauti nzito pekee, linapozuka. Wapo wanaoiona kuwa anasa inayoharibu gari na kuwaudhi majirani, na wapo wanaoshikilia kwamba bila hiyo muziki hausikiki ipasavyo. Pande zote mbili zina hoja, ila kwa maoni yangu sehemu kubwa ya lawama inayoelekezwa kwa sabufa ilistahili kuelekezwa kwa ukubwa uliopita kiasi na ufungaji mbovu.

Hoja ya wanaoitaka ina msingi. Spika za milangoni, ambazo kwa kawaida hazizidi kipenyo cha inchi 6.5, haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito zilizo chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 60 au 80, na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne ni takriban hezi 41. Anayesikiliza taarabu au chakacha, ambamo besi na ngoma ndizo zinazobeba mwendo wa wimbo, hukosa sehemu ya kile ambacho wapigaji walikirekodi. Hali huzidi kuwa mbaya barabarani, kwa kuwa ngurumo ya matairi imejaa masafa hayohayo ya chini, hata gari lililosikika vizuri likiwa limeegeshwa Nyali huonekana kupoteza besi yote likielekea Mtwapa. Dereva hupandisha besi ya redio hadi mwisho, na amplifaya (kikuza sauti) ndogo iliyomo ndani yake, ambayo hata ikiandikwa wati 50 kwa kila spika huweza kudumisha takriban 15 hadi 20 tu, huanza kukwaruza. Sabufa ikichukua kazi hiyo, besi ya redio inaweza kurudishwa katikati, na sauti ya mwimbaji katika spika za milangoni ikawa safi zaidi. Faida hii huzungumzwa mara chache, nami naiona kubwa kuliko mdundo wenyewe.

Hata hivyo, si kila dereva anayeihitaji. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia karibu hezi 85, kwa hiyo kwa mtu ambaye safari zake ni za mawaidha, kisomo cha Kurani, habari na matangazo ya mpira, sabufa iliyowekewa kichujio cha hezi 80, kinachopitisha tu sauti zilizo chini ya hapo, haina la kufanya. Kichujio kikipandishwa hadi hezi 120 au 150 ili mtu aone amepata thamani ya fedha zake, msomaji husikika kama yumo ndani ya pipa. Huyo afadhali anunue spika bora za milangoni.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni umeme, na inastahili hesabu. Amplifaya ya sabufa inayotoa wati 500 za kweli kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta takriban ampea 45 inapofikia kilele, wakati alternata (jenereta inayozungushwa na injini) za magari madogo mengi huzalisha kati ya ampea 60 na 100 kwa jumla, na hazifiki huko injini ikiwa katika mwendo wa chini. Katika joto la Mombasa kiyoyozi na feni zake hudai sehemu yao mchana kutwa, usiku taa nazo huongezeka, na kinachobaki hakitoshi. Betri ndiyo inayofidia, na betri inayopigwa na joto tayari imekwisha kupunguziwa maisha. Anayezima injini kwenye foleni ya feri ya Likoni huku muziki ukiendelea anaweza kujikuta akiomba kusukumwa.

Lakini nani alisema wati 500 zinahitajika? Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili zahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Zaidi ya hayo, chumba kidogo cha gari huzikuza chenyewe sauti za chini kabisa, na ukuzaji huo hukaribia kufidia upungufu wa sauti hizo katika sabufa iliyo ndani ya sanduku lililozibwa. Wati 150 ndani ya sanduku dogo la aina hiyo huvuta ampea 14 hivi kwenye kilele, na zinamtosha mtu anayesikiliza akiwa ndani ya gari. Wanaozidisha hapo, mara nyingi, wanawapigia walio nje.

Ufungaji ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Waya wa umeme hutoka kwenye betri ukapita katika bati la mbele hadi kwenye buti, na ganda lake likikwanguliwa na ukingo wa bati, moto unaweza kuzuka. Ndiyo sababu fyuzi yapaswa kuwa umbali usiozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya yenyewe haizuii hatari hiyo. Kuna pia waya za bei nafuu ambazo ni alumini iliyopakwa shaba: hupitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu ya unene uleule, na katika hewa ya chumvi ya pwani huliwa upesi penye maungio. Unyevu huohuo hufutusha masanduku ya sabufa ya mbao za unga uliogandishwa (MDF), na hapa plaiwudi ya kustahimili maji inastahili gharama yake.

Upo ugumu mmoja wa redio za kiwandani usiotatuliwa na waya mzuri. Baadhi yake hupunguza besi zenyewe kadiri sauti inavyopandishwa, ili kuzilinda spika, na amplifaya inayopokea mawimbi kutoka waya za spika hupokea upungufu huo pia. Hapo kubadilisha redio, au kuongeza kifaa cha kusahihisha mawimbi, huwa na maana.

Yabaki majirani, na hapa nawaunga mkono wanaolalamika. Sauti nzito huzuiwa kwa shida na kuta, na katika mitaa kama Majengo, ambako madirisha hubaki wazi usiku kucha kwa sababu ya joto, haina hata ukuta wa kupita. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinakataza kelele za kuudhi zisizo na sababu. Amplifaya nyingi zina kidude cha kupunguza besi kinachovutwa kwa waya hadi karibu na usukani, na mteja angekidai hicho kabla ya kuulizia wati, kwa kuwa humwezesha kuishusha besi akiacha barabara kuu na kuingia kwenye kichochoro anakoishi.