Bango la Divisheni One Halitaji Walioondoka

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, barabara yetu ya Makambako mpaka Uyole inapambwa mabango. Divisheni one asilimia mia, four hakuna, ziro hakuna, na picha ya mtakatifu somo wa shule pembeni, utadhani naye alikaa prepo. Kwenye magrupu wazazi wanaitikia: siri ya shule za Kanisa ni sala na nidhamu. Jamani! Sala ipo, nidhamu ipo. Siri kubwa ni mchujo, na huo hauna bango.

Unaanza mtoto hajashona hata sare. Usaili wa Hisabati na Kiingereza unawaondoa wengi, wanaobaki wanaitwa pre-form one, yaani masomo ya maandalizi kabla ya kidato cha kwanza, na hapo shule imeshajichagulia. Si kosa, nafasi hazitoshi. Kosa linakuja baadaye, kwenye kitu kinachoitwa wastani wa shule.

Baraza la Mitihani linampa C mwenye kuanzia 45 na D mwenye kuanzia 30. Shule ikiweka wastani wake 50, mtoto mwenye 48 kwa Baraza ana C, kwa Sista mkuu ameshindwa. Muhula wa kwanza barua ya onyo inakwenda nyumbani. Wa pili mzazi anaitwa. Desemba anaambiwa kwa upole kabisa, tena na chai anapewa, achague: mtoto akariri darasa au ahame. Wapo wanaoachwa wasogee mpaka mwisho, kisha wanaandikishwa kama watahiniwa wa kujitegemea. Namba yao inaanza na P badala ya S, kwa hiyo hawaingii kwenye matokeo ya shule. Wizara imeshakemea mchezo huu zaidi ya mara moja. Mchezo unaendelea.

Piga hesabu. Tuseme walianza 90, wakaondolewa 20, wakabaki 70, na wote 70 wakapata pointi kati ya 7 na 17. Ni divisheni one asilimia mia, hakuna aliyedanganya. Sasa warudishe wale 20, wape two na three tu. Divisheni one inashuka mpaka asilimia 78. Asilimia 78! Shule gani ingeona aibu kwa matokeo hayo? Lakini mchapaji wa mabango hajawahi kuletewa kazi ya 78.

Na yule aliyeondolewa anaanza upya katikati ya safari. Akihamishwa kidato cha tatu anaweza kukuta shule mpya haina mwalimu wa Fizikia, basi anabadilishiwa mkondo. Alama zake za maendeleo lazima zimfuate, na zikichelewa ni mzazi anayepanda na kushuka kwenye kosta kuzifuatilia. Mtoto wa miaka kumi na sita anaburuta tranka na godoro mbele ya wenzake, sababu ni 48.

Sawa, kuna mambo shule hizi zinayaweza. Prepo ya usiku ni kimya kweli na mwalimu wa zamu yupo. Kengele ya alfajiri haimwonei mtu huruma, hata Julai pale Mafinga, maji yakiwa yanauma vidole. Bweni linadekiwa kila siku. Misa ya Jumapili na rozari ya Oktoba wanahudhuria mpaka Walutheri na Waislamu, na sijasikia aliyedhurika. Mpangilio huo unamsaidia hata mwanafunzi wa kawaida, ndiyo maana inaudhi kuona anayeuhitaji zaidi ndiye anayefukuzwa. Ada siizungumzii leo.

Watetezi husema hata wamisionari walichuja. Walichuja, kwa sababu madawati yalikuwa ya kuhesabu. Misheni ya Tosamaganga, karibu na Iringa, ilianzishwa na Wabenediktini, wamisionari Wakonsolata wakaingia 1919, na kwa miaka mingi shule za misheni ndizo zilizokuwa nyingi. Sheria ya Elimu ya 1969 ikataifisha shule za misheni, Kanisa likabakiwa na seminari. Sekondari ya Tosamaganga ni ya serikali mpaka leo. Mwaka 1992 Makanisa yakatia saini makubaliano na Serikali ya kushirikiana katika elimu na afya, kama watoa huduma. Huduma! Hospitali ya misheni ikiwatoa wagonjwa mahututi usiku ili asiwepo wa kufa wodini, tutaisifu kwa uponyaji?

Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora. Wazazi sasa wanazipanga wenyewe kwa simu, na sisi ndio tunaolisha mchujo huu, maana ikitokea four moja tu tunauliza kulikoni.

Anayetafuta shule mwaka huu asiishie kwenye bango. Afungue tovuti ya Baraza, achukue namba ya kituo cha shule, ahesabu waliofanya upimaji wa kidato cha pili, kisha ahesabu waliofanya kidato cha nne miaka miwili baadaye. Kipimo hiki kina tundu: wanaohamia wanaweza kuziba nafasi za waliotolewa. Basi siku ya usaili muulize mkuu wa shule mwaka jana wamehama wangapi, na wamekwenda wapi. Halafu soma fomu ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho. Ukishapita ndoo yenye mfuniko, jembe, blanketi zito na rimu ya karatasi, kuna mstari wa mzazi kukubali wastani wa shule. Usome kabla ya kulipa pre-form one, kwa sababu Desemba ndio utakaowekwa mezani.