Vishale vina daftari, bao halina

Huu ni mwaka wangu wa tisa Stoke-on-Trent, nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kwenye chumba chetu cha kupumzikia umetundikwa ubao wa vishale, na Waingereza ninaofanya nao kazi humalizia hapo nusu saa yao ya chai. Baa siingii, kwa hiyo lau si ubao ule, mchezo huu ungenipita maisha yangu yote. Siku ya kwanza nilipoupapasa nilishtuka. Mkonge! Nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja, mkonge ule ule wa kamba tulizokuwa tukifungia magunia ya karafuu kwetu Wete, Pemba.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa zamu yetu, anakaribia kustaafu. Unaanza na 501, unapunguza kila unachopiga, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye ukanda mwembamba wa nje, ule unaozidisha namba mara mbili, au katikati kabisa, penye hamsini. Unasimama mita 2.37 kutoka ubaoni, na ukanda wenyewe hauzidi upana wa ukucha. Mzee yule, kishale hakijamtoka mkononi, keshajua kitakachobaki na njia ya kukimaliza. Imebaki 170? Sitini, sitini, na hamsini ya katikati. Hagusi kalamu. Nilipomtazama nikamwona ami yangu.

Ami alikuwa fundi wa bao. Mashimo 32, kete 64, na yeye akitia vidole shimoni hahesabu. Anazikusanya, anazipima kiganjani, anajua ngapi. Akianza kutakata, yaani kuzigawa kete shimo kwa shimo bila kula, jicho lake lishafika mwisho wa mchezo, na mara nyingi mkono wa kushoto ulikuwa tayari umeshika kikombe cha kahawa. Watu walitoka Konde na Mtambwe kuja kukaa mbele yake, na wengi walirudi wamefungwa mkononi, hata kete za kuingiza hazijawaishia. Alifariki 2016. Hakuna mchezo wake hata mmoja ulioandikwa popote.

Na sisi watoto tuliambiwa nini? Someni, msije mkaishia barazani kama ami yenu. Waliosema hivyo walikuwa wakimpenda. Ila kwetu mcheza bao, hata akiwa bingwa, ni mtu anayepoteza wakati.

Mji huu ninaoishi umemtoa Phil Taylor, bingwa wa vishale. Alikuwa kibarua kiwandani, anatengeneza vishikio vya karatasi za chooni. Eric Bristow, bingwa wa dunia mara tano, akamwona, akampa fedha aache kazi afanye mazoezi tu. Mwaka 1990 Taylor akamfunga Bristow mwenyewe kwenye fainali ya dunia, seti 6 kwa 1. Akaendelea mpaka mataji 16 ya dunia, na fainali yake ya mwisho, Januari 2018, akafungwa na Rob Cross, fundi umeme aliyekuwa anashiriki mashindano hayo kwa mara ya kwanza.

Wenzangu wa nyumbani nikiwasimulia, wananijibu, "Wenzetu wana fedha." Sikubali. Vishale vilikuwa mchezo wa baa, na wazee wa huku nao waliwaambia watoto wao maneno yale yale tuliyoambiwa sisi. Kilichougeuza kuwa kazi, kwa maoni yangu, ni daftari kwanza. Kila mrusho unaandikwa. Kila mchezaji ana wastani wake, na nafasi yake inatokana na fedha za ushindi alizokusanya kwa miaka miwili. Wenye kadi ya kucheza mzunguko wa kulipwa ni 128. Kadi ni ya miaka miwili. Ikiisha na humo kwenye 64 bora, unarudi kwenye mchujo wa Januari pamoja na kila aliyelipa kiingilio, awe mpiga rangi au mwanafunzi. Hapaulizwi wewe mtoto wa nani. Luke Littler, kijana wa Warrington, alifika fainali ya dunia akiwa na miaka 16, mwaka uliofuata akawa bingwa akapata pauni 500,000, na Januari 2026 akashinda tena, safari hii pauni milioni 1.

Si pepo, najua. Anayetolewa raundi ya kwanza kwenye mashindano ya kawaida ya mzunguko anaweza kurudi mikono mitupu, na hoteli keshalipa. Pombe na makelele ya ukumbini pia sivitaki kwetu. Nataka daftari tu.

Desemba 2025 Mkenya David Munyua, daktari wa mifugo, alisimama Alexandra Palace, ukumbi wa London yanakochezwa mashindano ya dunia ya vishale. Alikuwa nyuma seti mbili kwa bila, akarudi akamtoa Mike De Decker wa Ubelgiji 3 kwa 2. Ghalani walinishika mkono kama kwamba nimeshinda mimi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, kisha usiku mzima nikawa najiuliza ami yangu angepita njia gani.

Wako wanaohofu kwamba bao likishaandikwa na kutiliwa zawadi, baraza litakufa. Mimi naona baraza linakufa sasa hivi, maana vijana hawajui kwamba walikaa karibu na mabingwa. Hata utafiti mkubwa wa jinsi mafundi wa bao wa Zanzibar wanavyofikiri aliuandika Mholanzi, Alexander de Voogt, mwaka 1995. Namshukuru kwa dhati. Lakini inaniuma kuwa mgeni alituona kabla hatujajiona.

Mwezi uliopita nilimpelekea mpwa wangu fedha za daftari na kalamu, nikamwomba akae barazani jioni na aandike: nani kacheza na nani, nani kafunga, nani kafunga mkononi. Juzi amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza, michezo kumi na mmoja. Anasema mzee aliyekuwa hasimu wa ami ameshinda saba, na alipomaliza kumsomea, mzee aliweka kikombe chini akamwambia asome tena.