Naomba tumheshimu anayebisha hodi

Oktoba 1977, katika mji wa Merka nchini Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipanda gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, zikatosha. Alipopata homa alidhaniwa ana malaria. Vipele vilipotoka ikasemekana ni tetekuwanga. Alikuwa hajachanjwa, na baadaye alisimulia mwenyewe kwamba aliogopa sindano. Huyo ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa. Watu zaidi ya 150 waliotangamana naye walitafutwa mmoja mmoja, wakachunguzwa, wakachanjwa. Ugonjwa ukakosa pa kwenda. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Kazi hii ya kuwafuatilia watu ndiyo ninayoitetea, maana kila mlipuko ukizuka mjadala huwa juu ya chanjo na kufunga mipaka, na anayepita nyumba kwa nyumba na daftari lake husahaulika.

Nakubali kwamba si kila ugonjwa unafukuzika kwa miguu. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuwaambukiza 12 hadi 18, na virusi alivyoviacha chumbani huelea hewani hadi saa mbili. Hapo kinga ya kweli ni chanjo kuwafikia watu kama asilimia 95. Linganisha pia SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoletwa na virusi, na korona. Mgonjwa wa SARS aliambukiza zaidi akiwa tayari hoi, kwa hiyo kumtenga na kuwafuatilia wenzake kulitosha kuuzima ugonjwa huo mwaka 2003, bila chanjo yoyote. Mwenye korona huambukiza siku moja au mbili kabla hajajihisi mgonjwa. Mfuatiliaji akifika, virusi vimeshapita. Ndiyo maana tulihitaji barakoa, madirisha wazi na kupunguza mikusanyiko.

Lakini chukua Ebola. Dalili huweza kuchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza, na kabla hazijatokea mtu haambukizi. Kwa hiyo mfuatiliaji anakuja kila siku, siku 21 mfululizo. Anasimama hatua kadhaa kutoka mlangoni, anapima joto la mwili, anaandika. Kisha anauliza: nani alimlisha mgonjwa? Nani alifua mashuka yake? Alipofariki, nani aliuosha mwili? Maswali hayo yanamgusa mtu kwenye msiba wake, na hakuna atakayemjibu ukweli mtu asiyemwamini.

Na imani hiyo tunaiua wenyewe. Unamwambia mtu akae ndani siku 21, kipato chake kinakatika, watoto wake wanalala njaa, majirani wanamnyooshea kidole. Mtaa mzima umeshajifunza kuficha wagonjwa. Huniuma sana kuona karantini inaanza kwa askari na amri, kisha chakula kinafika baada ya siku kadhaa. Kwangu mimi chakula, maji ya kunawa na fidia ya siku za kazi zilizopotea ni vifaa vya kudhibiti ugonjwa sawasawa na glavu na dawa ya kuulia vijidudu. Waliopambana na ndui walilielewa jambo hili: walizunguka vijijini na picha ya mtoto mwenye vipele, wakiuliza kama kuna aliyemwona mtu wa namna hiyo, na aliyetoa taarifa ya kweli alipewa zawadi ya fedha. Hata habari za Maalin zilifika kwa njia hiyo.

Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake, akiwaendea wazazi waliokataa chanjo na kuwasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoikwepa sindano na yaliyompata. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado kwenye kazi hiyo.