Uongo ukurasa wa kwanza, radhi ukurasa wa 14

Wiki zangu za mwanzo hapa Liverpool niliingia dukani nikaulizia The Sun, kwa kuwa ndilo gazeti la Uingereza nililokuwa nalifahamu kwa jina tangu nikiwa Tanzania. Muuzaji alinikazia macho kana kwamba nimemtukania mama. "Hilo hatuuzi," akasema, akaendelea kupanga bidhaa zake. Nikadhani yamekwisha. Jioni jirani yangu, mzee wa hapa hapa, ndiye aliyenifungua macho.

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanana katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Idadi ya waliokufa kutokana na mkasa ule imefikia 97. Siku nne baadaye The Sun likaja na neno moja kubwa ukurasa wa mbele, "Ukweli", na chini yake madai kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Madai yenyewe yalitoka kwa polisi, watu wale wale waliokuwa na la kujibu. Radhi ya ukurasa wa mbele ilikuja Septemba 2012. Miaka 23! Mpaka leo yako maduka mengi mjini hapa yasiyoliweka gazeti hilo, na hakuna waziri aliyewaamuru.

Nyumbani hatukuhitaji kuambiwa gazeti ni la nani. Uhuru ni la chama tawala, CCM, HabariLeo na Daily News ni ya serikali, na Tanzania Daima kila mtu alijua limekaa upande wa upinzani. Unanunua mawili yanayopingana, unasoma ya huku na ya kule, unachuja mwenyewe. Nilikuja huku nikiamini nitakuta magazeti yasiyo na upande. Wapi! Uchaguzi ukikaribia yanatangaza waziwazi chama gani kipigiwe kura. Televisheni na redio ndizo zinazobanwa na sheria zisipendelee. Magazeti yako huru kupendelea yanavyotaka.

Kwa hiyo upendeleo haunikoseshi usingizi tena. Gazeti lenye msimamo unaojulikana nalipenda kuliko lile linalojifanya halina. Ninachokitazama sasa ni kitu kimoja: likikosea, linafanya nini? Mwaka 2016, kabla ya kura ya maoni, The Sun hilo hilo liliandika kwamba Malkia anaunga mkono kujitoa Umoja wa Ulaya. Kasri likalalamika, na IPSO, chombo ambacho magazeti yenyewe yamejiundia, kikasema kichwa kile kilipotosha. Gazeti likalazimika kuuchapisha uamuzi huo. Tayari maneno yalikuwa yamezunguka nchi nzima. Na huyo ni Malkia. Sisi akina yakhe tungesubiri sana.

Kwetu dawa imekuwa ni rungu. MwanaHalisi lilifungiwa 2012, likafungiwa tena 2017 kwa miezi 24. Agosti 2021 hata Uhuru, gazeti la chama chenyewe, lilisimamishwa siku 14 kwa habari kuhusu Rais na uchaguzi wa 2025. Leseni za MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima zilirudishwa Februari 2022. Haya, lakini gazeti likifungwa, yule aliyechafuliwa jina anasafishwa wapi? Kurasa hazipo. Na wahariri nao wanajifunza kukwepa habari nzito, siyo kuihakiki vizuri zaidi. Baraza la Habari lipo tangu 1995 kwa ajili ya mashauri kama haya, ila uamuzi wa kusuluhisha hautishi kama simu ya mkubwa.

Wala sitawalaumu wakubwa peke yao. Kabla sijasafiri nilikuwa msoma prufu katika gazeti moja, na makanjanja wa kuishi kwa bahasha nimewaona kwa macho yangu. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja, tena kwa kuchelewa, hamalizi siku nzima akithibitisha jina.

Ndivyo tulivyompata mwalimu mkuu mmoja. Tuliandika ukurasa wa kwanza, na picha yake, kwamba amekula fedha za ujenzi wa madarasa. Mwenye tuhuma alikuwa mtu mwingine mwenye jina kama lake, wilaya nyingine kabisa. Radhi niliipitia mimi mwenyewe: mistari minne, ukurasa wa 14, chini ya tangazo la zabuni, "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Hata jina lake halikutajwa.

Alifika ofisini amevaa suti, gazeti amelikunja kwapani. Hakutaka fedha. Alitaka picha yake irudi pale pale ilipokuwa, na maneno mengine chini yake. Mhariri akamwambia kwa upole, "Mwalimu, ukurasa wa kwanza ni wa habari za leo." Mzee wa watu akalikunjua gazeti, akaliweka mezani kwa mhariri, akaaga.